Ua limeugua: kutafuta kosa unapobadili hali ya picha ya maua

Mzee mmoja aliingia kwenye kibanda changu cha picha hapa Dodoma akiwa na simu ya mwanawe, na ndani yake picha ya alizeti. Ilipigwa shambani kwao, upande wa Kibaigwa, mwezi wa nne, asubuhi, anga safi kabisa. Mkewe alikuwa anatimiza mwaka mmoja tangu afariki, na shamba lile alikuwa akililima yeye. Mzee alitaka ua likae juu ya kadi ya kumbukumbu, ila "lisicheke sana". Nikamwelewa. Nikapunguza mwangaza, nikavuta joto la rangi upande wa baridi, yaani wa bluu, nikashusha ukolezo, yaani ukali wa rangi, nikatia giza pembeni. Dakika tano tu. Nikamgeuzia kioo. Aliangalia, akasogeza simu mbali na macho, akaangalia tena, kisha akasema, "Mwanangu, hili ua limeugua."

Na kweli lilikuwa limeugua. Petali zilikuwa na rangi ya nyongo. Nilitafuta huzuni, nikapata ugonjwa.

Kosa la aina hii nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na wateja wanaojaribu wenyewe kwenye programu za kuhariri kama Snapseed au Lightroom wananiletea makosa yaleyale kila wiki. Tatizo ni kwamba picha ikianza kuharibika mtu huongeza kitelezi kingine (kile kitufe cha kusogeza kushoto na kulia) juu ya kile kilichoharibu, akidhani anatibu. Afadhali usimame, uangalie dalili ni ipi, urudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Nitaanza na alizeti ya mzee, halafu niende kwenye nyingine.

Kabla ya hapo, mambo mawili ya haraka. Simu nyingi zina hali ya kulinda macho usiku inayofanya kioo kiwe cha manjano. Ukihariri ikiwa imewashwa, utapoza picha bila sababu, na asubuhi utaikuta ya bluu. Izime. La pili, futa lenzi. Kwa vumbi letu na vidole vyetu, nusu ya picha ninazoletewa zikiwa "zimefubaa" zilifubaa kabla hata hazijapigwa. Kitambaa laini na pumzi ya mdomo vinatosha.

Njano imekuwa kijani, ua linaonekana linaoza

Kwenye picha ya kidijitali hakuna wino wa njano. Kuna chaneli tatu tu, nyekundu, kijani na bluu, na njano ya alizeti ni nyekundu nyingi pamoja na kijani nyingi, bluu kidogo sana. Sasa, ukisogeza joto la rangi upande wa baridi, programu inapunguza nyekundu na kuongeza bluu. Ile njano iliyokuwa imesimama kwa miguu miwili inabaki inaegemea mguu wa kijani. Ukishusha na ukolezo juu ya hapo, ile kijani inakuwa ya matope. Jicho la mtu halijui chaneli, lakini linajua majani yanayonyauka yanafananaje.

Kwa hiyo dawa ni kuacha joto la rangi la picha nzima lilipokuwa. Rudisha kitelezi mahali pake. Kisha nenda kwenye sehemu ya programu inayokuruhusu kugusa rangi moja moja, chagua njano peke yake, na fanya mambo matatu madogo: shusha mwangaza wa njano kama 20 kwenye kipimo cha 100, shusha ukolezo wake kama 10, na isogeze kidogo upande wa chungwa. Inatoka njano nzito kama ya pete ya zamani. Baridi unayoitaka itie nyuma ya ua: tengeneza maski, yaani eneo unalolichagua lihaririwe peke yake, inayofunika majani na anga tu, hapo ndipo upoze na utie giza. Ua linabaki na uhai wake, dunia iliyolizunguka ndiyo inayonyamaza. Na huzuni kwa kweli huwa hivyo, anayeomboleza hageuki rangi.

Ile kadi ya mzee niliirudia hivyo. Hata hivyo kulikuwa na kitu ambacho hakuna kitelezi kingekirekebisha, na kinahusu kila mtu anayepiga alizeti kati ya Kongwa na Singida. Ua changa la alizeti hulifuata jua, lakini likishakomaa linatulia likitazama mashariki. Ukitaka kuliona uso lazima usimame mashariki yake, ukiangalia magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, linalimulika ua usoni, kila kitu kinaonekana na kila kitu kinacheka. Saa kumi na moja jioni ua ni lilelile na wewe umesimama palepale, lakini jua liko nyuma yake: petali zinawaka kama karatasi mbele ya taa na uso wa ua uko kivulini. Hiyo picha ya pili haihitaji kuhaririwa hata nusu ya ile ya kwanza. Kijana wa mzee alikuwa amepiga asubuhi, basi tukaishi na asubuhi.

Nimeifanya ya jioni lakini inakataa kuwa ya jioni

Hili ndilo linalowasumbua watu kuliko yote. Mtu kapiga bogenvilia ukutani saa sita mchana, anataka machweo. Anapandisha joto la rangi, anaongeza chungwa, na picha inaonekana kama imemwagikiwa chai ya rangi.

Sababu ziko mbili, na zinakuja pamoja. Ya kwanza ni vivuli vilivyoangukia chini. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, na hata miezi mingine mchana haliendi mbali na utosi. Kivuli cha saa sita kinakaa chini ya ua, kimejikunja miguuni. Kivuli cha jioni ni kirefu na kinalala pembeni. Mtazamaji hatakuambia "kivuli hiki kina kosa", atasema tu picha ina kitu. Rangi unaweza kuisogeza utakavyo, kivuli kinabaki kikisema saa ngapi.

Ya pili ni rangi ya vivuli vyenyewe. Jioni ya kweli, mahali panapopigwa na jua ni pa chungwa, lakini kivulini mwanga unatoka kwenye anga la bluu, kwa hiyo vivuli vinaelekea bluu. Ukipandisha joto la picha nzima, vivuli navyo vinakuwa vya chungwa, na hapo ndipo chai inapomwagika.

Sababu ya pili inatibika. Rudisha joto la rangi, kisha tumia kifaa cha kutia rangi sehemu angavu na sehemu za giza kila moja kivyake: angavu ipe chungwa kidogo, giza iache au ipe bluu kiduchu. Bogenvilia ina msaada wake hapa. Yale tunayoyaita maua yake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe-maziwa katikati. Hicho nakitumia kama shahidi. Kikigeuka rangi ya karoti, nimezidisha.

Sababu ya kwanza haitibiki, inakwepwa. Kata picha ukaribie ua hadi kivuli cha chini kitoke kwenye fremu. Au, kama bado uko na ua mbele yako, mwombe mtu ashike khanga au mwavuli juu yake. Mwanga unakuwa laini, hauna upande, na baadaye utaupeleka unakotaka. Au kubali saa sita. Mimi siku hizi nakubali. Jua la saa sita lina hali yake, na wakazi wa huku tunaijua: mtaa mtupu, mbwa kalala chini ya bati, redio inasikika nyumba ya tatu. Pandisha weupe kidogo, shusha ukolezo robo, acha vivuli viwe vyeusi kabisa. Waridi la jangwani kwenye kopo la rangi, lisilo na jani hata moja, linapendeza hivyo kuliko litakavyowahi kupendeza kwenye machweo ya kubandika.

Nyekundu imekuwa bonge moja

Novemba na Desemba mikrismasi ikiwaka, naletewa picha ambazo ua zima ni doa jekundu, hakuna mishipa, hakuna mikunjo, kama limekatwa kwenye plastiki. Mwenye picha anaongeza mwangaza, halibadiliki. Anaongeza ukolezo, linazidi.

Kihisio cha kamera, kile kinachopokea mwanga, kina vichujio vidogo vidogo juu ya pikseli zake, yaani nukta zinazojenga picha, kwa mpangilio alioubuni Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli zinaona kijani, robo zinaona nyekundu, robo bluu. Ua jekundu kwenye jua kali linaijaza chaneli ya nyekundu mpaka juu, 255, kiwango cha mwisho, wakati zile mbili nyingine bado ziko chini. Kipimo cha mwanga cha simu kinaangalia wastani kinasema picha iko sawa. Histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga wa picha kutoka giza hadi weupe, nayo inaweza kusema iko sawa. Fungua histogramu ya nyekundu peke yake uone ilivyobanana ukutani upande wa kulia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mishipa ya petali mara nyingi bado ipo, imejificha kwenye chaneli ya kijani. Unapoongeza ukolezo unaisukuma kijani ielekee sifuri na kuua kile kidogo kilichobaki. Kwa hiyo fanya kinyume. Shusha ukolezo wa nyekundu peke yake, shusha mwangaza wa nyekundu peke yake, ongeza kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) kidogo ndani ya ua kwa maski, na utaona mikunjo inarudi taratibu. Kama hali unayoitafuta ni nzito, jaribu nyeusi na nyeupe kwa kuipa chaneli ya kijani uzito mkubwa: ua linakuwa karibu jeusi, na mishipa inasimama kama ya mkono wa mtu mzima. Nina picha moja ya hivyo ukutani kibandani, watu huuliza ni ua gani.

Mara nyingine ukipiga, gusa ua kwenye kioo cha simu kisha shusha kile kialama cha jua hadi nyekundu ionekane nyeusi-nyeusi kidogo. Utaipandisha baadaye. Na kama simu yako inaruhusu faili ghafi, yaani picha ambayo simu haijaichakata, lile linaloishia na DNG, litumie kwa maua mekundu hata kama hulitumii kwa kitu kingine.

Jakaranda imekuwa bluu

Zambarau ni bluu na nyekundu. Ukipoza picha unaondoa nyekundu, inabaki bluu. Ongeza majenta, ile pinki kali inayoelekea zambarau, kidogo au rekebisha zambarau peke yake. Hakuna zaidi.

Giza limejaa chenga

Hapa kosa kwa kawaida lilitokea kabla ya kuhariri. Mtu anataka picha ya usiku-usiku, anapiga saa moja jioni, inatoka nyeusi mno, anaipandisha mwangaza, chenga zinajaa kama televisheni ya zamani isiyo na antena. Kihisio cha simu ni kidogo. Gizani kinakusanya mwanga haba, na ukiupandisha unapandisha na makosa yake.

Piga kukiwa na mwanga wa kutosha, kisha zamisha. Giza linalotokana na kushusha ni safi.

Ubishi unakuja kwenye ua la mbuyu, maana lenyewe halikupi nafasi: linachanua jioni, jeupe, linaning'inia kichwa chini likisubiri popo, na kesho yake linageuka hudhurungi na kuanguka. Lazima uende gizani. Wengi wanawasha fleshi, na fleshi inatoka palepale lenzi ilipo, inalipiga ua usoni, weupe unaungua na nyuma panakuwa shimo. Ukishapiga hivyo, hali yoyote utakayoitia itaonekana kama picha ya ushahidi wa polisi. Mwombe mwenzako amulike kwa tochi ya simu yake kutoka ubavuni, aizibe kwa karatasi nyeupe au tishu ili mwanga ulainike. Simu yako iegemeze kwenye shina, maana mbuyu hautikisiki. Nyumbani, poza picha kidogo tu. Ua jeupe linapokea bluu vizuri, halina njano ya kugeuka nyongo.

Anga lina ngazi

Umetia giza anga nyuma ya ua na sasa lina mistari mipana, kama ngazi za rangi. Picha ya kawaida ya JPEG ina viwango 256 kwa kila chaneli, basi. Tuseme anga lako lilikuwa kati ya kiwango cha 200 na 230: hapo una viwango kama 30. Ukilivuta lianzie 120 hadi 230, viwango ni vilevile 30 vinatandazwa kwenye nafasi ya 110, kwa hiyo kila hatua inaruka karibu nne. Jicho linaziona zile hatua.

Punguza mvuto, au anza na faili ghafi lenye viwango vingi zaidi. Au, na hii inawachekesha watu niliowafokea kuhusu chenga, ongeza chenga. Kidogo, za makusudi, juu ya picha nzima mwishoni. Zinavuruga mipaka ya ngazi na jicho linalainika.

Ukiona utando mweupe kandokando ya petali, huyo ni ndugu yake: umezidisha kifaa cha kukaza kontrasti ya maeneo madogo, au maski yako ina ukingo mkali. Shusha cha kwanza, lainisha wa pili.

Ukungu wangu unaonekana kama uchafu wa lenzi

Kuna kijana anayetaka kila picha iwe ya Lushoto. Anashusha kontrasti, anapandisha giza liwe kijivu, anasema ni ukungu. Ukungu wa kweli unaongezeka kadiri unavyokwenda mbali: ua la mbele linaonekana wazi, la nyuma limefifia, mlima wa mwisho umepotea. Ukimwaga kijivu sawasawa kwenye picha nzima umechora lenzi chafu. Tengeneza maski inayoanza juu ya fremu na kufifia ikishuka, uache ua la mbele na weusi wake.

Na huku kwetu mtu atakuuliza ukungu umetoka wapi Agosti. Tunacho cha kwetu: vumbi la kiangazi, linaloning'inia hewani jioni upepo ukitulia. Lina kanuni ileile ya umbali, ila rangi yake ni ya kahawia iliyochanganywa na maziwa. Tia hiyo badala ya kijivu, punguza ukolezo wa majani, na migunga ya nyuma itakaa mahali pake.

Kwangu ilikuwa nzuri, imefika mbaya

Kama imepita WhatsApp, imebanwa. Giza laini na ngazi za anga ndivyo vinavyoumia kwanza. Itume kama hati badala ya picha, ifike ilivyo.

Kama imechapwa na imetoka nyeusi, sababu ni kwamba kioo kinatoa mwanga wake chenyewe na karatasi inategemea mwanga wa chumba. Picha yenye hali nzito ndiyo inayoadhibiwa zaidi, kwa sababu uliijenga kwenye giza, na wewe ulikuwa umewasha kioo hadi mwisho. Shusha kioo kiwe nusu unapohariri. Rangi nazo: printa inachanganya samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna zambarau na chungwa kali ambazo kioo kinazo lakini wino hauwezi kuzifikia. Jakaranda itapoa kidogo kwenye karatasi hata ufanyeje.

Nisichokubali kuruka ni ukanda wa majaribio. Nakata kipande chembamba cha picha kinachopita kwenye ua na kwenye giza la nyuma, nakichapa mara tatu kwenye karatasi moja: kama kilivyo, kikiwa kimeongezwa mwangaza 10, na kikiwa kimeongezwa 20. Kisha natoka nacho nje ya mlango, kivulini, kwa sababu taa ya ndani ina ukijani wake. Yule mzee nilimpa akishike mwenyewe. Alikizungusha mara mbili, akaweka kidole kwenye ukanda wa kati, na huo ndio tuliochapa kadi zote.